Nyigu wa uongo: kumtofautisha mbawakawa pembe-ndefu na wanaofanana naye

Mdudu ametua juu ya gogo lililolala juani. Ni mweusi, ana mistari ya njano mgongoni. Anakimbia kidogo, anasimama ghafla, anapapasa gome kwa vipapasio vyake, anakimbia tena. Mwonyeshe mtu yeyote, atasema ni nyigu huku akirudi nyuma. Programu ya simu, ukiipa picha yenye ukungu, huenda ikakubaliana naye. Ndege aliyewahi kudungwa mdomoni angesema vivyo hivyo, na mavazi hayo yameshonwa kwa ajili ya macho yake yeye. Mdudu mwenyewe ni Clytus arietis, mbawakawa pembe-ndefu wa Ulaya mwenye urefu wa kama sentimita moja. Hana mwiba, hana sumu, na buu wake hutafuna mbao za miti iliyokwisha kufa.

Mimi nilikosea kwa upande wa pili. Nilimshika kwa vidole "mbawakawa" niliyekuwa na hakika naye kabisa, na kidole kikapata jibu sahihi kabla sijafungua kitabu. Tangu siku hiyo, nikiwalinganisha wadudu wanaofanana, rangi huwa ndiyo shahidi wa mwisho kuitwa.

Rangi au umbo?

Kumtambua mdudu kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kulinganisha picha: unapekua kurasa, au simu inakupekulia, mpaka apatikane anayefanana. Ya pili ni kukagua viungo: macho yamekaaje, wayo, yaani ncha ya mguu, una pingili ngapi, mabawa yanakutana wapi. Ya kwanza ni ya haraka na ina raha yake. Ya pili inachosha na inahitaji kioo cha kukuza. Kwa ndege, ile ya kwanza inatosha mara nyingi. Kwa pembe-ndefu inakuangusha. Familia yao, Cerambycidae, ina spishi zaidi ya 35,000 zilizokwisha kupewa majina, na ndani yake wamo wanaojifanya nyigu, wanaojifanya sisimizi, wanaojifanya mbawakawa wenye sumu, na wengine ambao ukiwatazama mbele ya macho yako huoni kitu ila gome na likeni.

Aliyetueleza kwa nini rangi hudanganya ni Mwingereza Henry Walter Bates. Alikaa katika bonde la Amazoni miaka 11, kuanzia 1848 hadi 1859, na mwaka 1862 alichapisha maelezo yake kuhusu vipepeo wasio na madhara wanaovaa rangi za vipepeo wasiolika. Hilo linajulikana. Lisilotajwa sana ni kwamba Bates alikuwa pia mtu wa mbawakawa, na aliandika mfululizo mrefu kuhusu pembe-ndefu wa Amazoni hiyo hiyo. Kwa hiyo aliyetufundisha kutoamini rangi alikuwa na kazi ya kila siku ya kuwapa majina wadudu hawa hawa.

Hoja yake, ukiigeuza kidogo, ndiyo inayokupa njia ya kuchagua. Mwigaji huwa anamlenga mtazamaji, na mtazamaji huyo aghalabu ni ndege au mjusi. Ndege huona rangi, mwendo, umbo la mwili kwa mbali na vipapasio vinavyotikisika. Hahesabu pingili za wayo. Hakagui jicho limekatwa wapi. Basi kile ambacho mlaji hakitazami hubaki kama kilivyorithiwa, na hapo ndipo ukoo wa mdudu ulipoandikwa.

Kwa pembe-ndefu natazama sehemu tatu. Jicho kwanza: kwa wengi wao lina umbo la figo, na kipapasio kimechomoza pale kwenye upinde wa ndani, kana kwamba jicho limelikumbatia shina lake. Kwa Tetraopes tetrophthalmus wa Amerika Kaskazini mambo yamezidi. Shina la kipapasio limeligawa jicho vipande viwili kabisa, na jina lake la Kigiriki linasema wazi kwamba ana macho manne. Kisha wayo. Ukihesabu pingili utapata nne, lakini kwa kweli ni tano: ile ya nne ni ndogo mno, imejificha kati ya ndewe mbili za pingili ya tatu yenye umbo la moyo. Mwisho ni mabawa ya mbele, ambayo kwa mbawakawa karibu wote ni magumu na hukutana katikati ya mgongo kwa mstari ulionyooka.

Umeona kwamba sijataja urefu wa vipapasio. Jina la familia lenyewe ni mtego. Clytus arietis ana vipapasio visivyofika hata mwisho wa mwili, na Spondylis buprestoides wa misitu ya misonobari ana vifupi zaidi, hadi mtu akasite kumwita pembe-ndefu. Upande wa pili, senene ana vipapasio virefu kupita mwili wake na si mbawakawa hata kidogo. Tena kuna familia ya Anthribidae, jamaa za fukusi, ambayo baadhi ya madume wake wana vipapasio vya kuwaonea wivu pembe-ndefu wenyewe. Anthribidae utamjua kwa pua pana iliyochomoza mbele. Vipapasio virefu vikuambie tu kwamba inafaa uendelee kutazama.

Njano na nyeusi: wanne wanaovaa sare moja

Sare hii huvaliwa na nyigu mwenyewe, mbawakawa, nzi na nondo, na wote wanne unaweza kuwakuta kando ya msitu mmoja katika siku moja ya joto.

Nyigu wa kweli ana mabawa manne membamba kama karatasi ya nailoni. Wale wa jamii ya Vespidae huyakunja kwa urefu wanapopumzika, hivyo bawa huonekana jembamba kuliko lilivyo. Kiuno kimebanwa. Kipapasio kimepinda kama kiwiko. Na hapa kuna mtego ulioninasa mimi: Vespidae nao wana jicho lililokatwa kama figo. Ukisoma kwamba pembe-ndefu ana jicho la figo, ukamwona nyigu usoni kwa lenzi, utafurahi bure. Tofauti ni mahali kipapasio kilipoota. Kwa nyigu kimeota katikati ya uso, mbali na ule mkato; kwa pembe-ndefu kimeota ndani ya mkato wenyewe.

Clytus arietis ana mgongo uliofunikwa na mabawa magumu, na mstari wa katikati unaonekana hata kwa macho matupu. Mistari yake ya njano imechorwa juu ya mabawa hayo, si juu ya tumbo. Hilo ni jambo la kuzingatia unapotazama picha: kwa nyigu njano iko kwenye pete za tumbo na huizunguka kila pete, kwa mbawakawa mistari hupinda, na huvunjika inapofika kwenye mshono wa katikati au hukutana hapo kwa pembe. Anaigiza mwendo kuliko anavyoigiza mchoro, na anapokimbia huwezi kuuona mchoro sawasawa.

Nzi wa maua, familia ya Syrphidae, ndio waigaji stadi zaidi wa sare hii. Wana jozi moja tu ya mabawa. Ile ya nyuma imekuwa vijiti viwili vifupi vya kusawazisha mruko. Macho ni makubwa, vipapasio ni vifupi sana. Ufupi huo ungewaumbua, na nzi wa jenasi ya Spilomyia wamepata dawa yake: huinua miguu ya mbele na kuitikisa mbele ya uso kana kwamba ni vipapasio. Kwa hiyo kabla ya kusema "ana vipapasio virefu", hesabu miguu iliyokanyaga. Ikiwa minne tu, unadanganywa.

Nondo wa familia ya Sesiidae nao wamepoteza sehemu kubwa ya vigamba vya mabawa, yakabaki angavu kama ya nyigu. Sesia apiformis ni mkubwa na anatisha kweli. Mtazame kiunoni: hakujabanwa. Mtazame vipapasio: vinanenepa kadiri vinavyoelekea mwisho, ilhali vya pembe-ndefu kwa kawaida huwa vyembamba kuelekea ncha. Buu wake hutoboa mipopla karibu na ardhi, na hilo huwachanganya watu, kwa kuwa mabuu ya pembe-ndefu nayo hutoboa miti.

Kuna mmoja anayevunja hata kanuni ya mstari wa mgongoni. Necydalis major ana mabawa magumu mafupi kama kizibao, na mabawa laini ya kurukia yamebaki wazi juu ya tumbo refu jembamba. Akiruka unaona nyigu mwembamba wa jamii ya Ichneumonidae, wala huna sababu ya kushuku. Akitua, tafuta kizibao. Nikiambiwa nichague mwigaji bora katika familia nzima, ningemchagua yeye na kumwacha Clytus, maana Clytus amebadilisha nguo tu, huyu amebadilisha mwili.

Nani anadunga, basi? Kati ya wote hao ni nyigu jike peke yake. Pembe-ndefu wakubwa wanaweza kukubana kwa taya, na wengi ukiwashika hutoa sauti ya kukwaruza kwa kusugua sehemu za kifua chao, lakini mwiba hawana. Au hawana isipokuwa mmoja: Onychocerus albitarsis wa Amerika Kusini, ambaye pingili ya mwisho ya kipapasio chake imechongoka na kutoboka kama mwiba wa nge, na inaingiza sumu. Watafiti walilieleza jambo hilo mwaka 2008.

Wanaofanana kwa ukoo, na wanaofanana kwa hila

Ukishajua ni mbawakawa, ugumu hauishi. Mbawakawa-majani, Chrysomelidae, ni ndugu wa karibu wa pembe-ndefu, na wayo wao ni ule ule wa pingili nne zinazoonekana. Hapo wayo haukusaidii. Rudi kwenye kipapasio: kwa Chrysomelidae kwa kawaida ni kifupi kuliko nusu ya mwili, na jicho halikikumbatii. Donacia wanaokaa juu ya mimea ya majini wana vipapasio virefu kiasi cha kukutia shaka, lakini mng'ao wao wa chuma na makazi yao huwafichua.

Pembe-ndefu wa maua, kundi la Lepturinae, wana kifua chenye umbo la kengele na mabawa yanayosinyaa kuelekea nyuma. Hao huchanganywa na Oedemeridae na pia na Meloidae, mbawakawa malengelenge. Hapa wayo ndio mwamuzi, ila hesabu mguu sahihi. Oedemeridae na Meloidae wana pingili tano kwenye miguu ya mbele na ya kati, nne kwenye ya nyuma. Ukihesabu mguu wa nyuma peke yake utapata nne, kama kwa pembe-ndefu, na utakosea. Hesabu wa mbele. Na usimponde mdudu unayemshuku kuwa Meloidae ili umkague vizuri. Damu yake ina kantaridini, na ngozi yako itavimba malengelenge.

Lakini jozi ninayoipenda kuliko zote ni Lycus na Elytroleptus wa Arizona. Lycus ni wa familia ya Lycidae: mabawa laini ya rangi ya chungwa, wakati mwingine yenye ncha nyeusi, yametanuka nyuma, na mdudu mwenyewe haliki. Elytroleptus ni pembe-ndefu aliyevaa chungwa lile lile na mtanuko ule ule, na hukaa katikati ya kundi la Lycus. Mwaka 1962 Thomas Eisner na wenzake waliripoti kwamba Elytroleptus huwala Lycus. Mwigaji anamtafuna yule anayemwiga, huku amevaa nguo zake.

Kuwatenganisha si kazi ngumu ukiacha rangi. Mtazame kwa juu: kichwa cha Lycus kimejificha chini ya ngao ya kifua, cha Elytroleptus kinaonekana. Vipapasio vya Lycus ni bapa na vina meno kama msumeno. Mabawa ya Lycus yana matuta ya urefu yaliyounganishwa na matuta madogo ya kukingama, mithili ya wavu. Kisha jicho: la Elytroleptus limekatwa kama tulivyosema.

Si kila anayefanana na mwingine anadanganya. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Fritz Müller, Mjerumani aliyeishi Brazili, alionyesha kwamba hata wadudu wenye sumu huigana wao kwa wao, kwa sababu ndege akijifunza rangi moja, wote hufaidi somo hilo. Kwa mtu anayetafuta jina, Bates na Müller hawabadilishi kitu. Viungo ni vile vile. Kwa anayeamua kumshika au kumwacha, wanabadilisha. Njano ya Clytus ni maneno matupu. Wekundu wa Tetraopes ni kweli: hula mimea ya Asclepias yenye utomvu mweupe, na hubaki na sumu yake mwilini.

Pale kosa linapogharimu miti

Kumwita Clytus nyigu hakumdhuru mtu. Kumkosea Anoplophora glabripennis ni jambo jingine. Mbawakawa huyu wa China na Korea aligunduliwa New York mwaka 1996 na Chicago mwaka 1998, akiwa amesafiri ndani ya mbao za kufungia mizigo. Dawa yake kubwa imekuwa kukata miti, mingi mno. Chicago ilitangazwa kuwa huru mwaka 2008, baada ya miaka kumi. Ndiyo maana katika nchi zinazomhofia, idara za misitu hupokea picha tele za mbawakawa weusi wenye madoa meupe, na wengi wao ni wenyeji tu.

Mwenyeji anayesingiziwa zaidi Amerika Kaskazini ni Monochamus scutellatus. Waweke kando kwa kando. Anoplophora ni mweusi wa kung'aa, kama gari lililotoka kuoshwa, na ana madoa meupe yaliyotawanyika bila mpango. Monochamus ni mweusi wa kufifia wenye rangi ya shaba kwa mbali, na mgongo wake una mikwaruzo. Vipapasio vya Anoplophora vina pete nyeupe au za samawati zinazoonekana wazi kwa dume na jike. Vya Monochamus dume ni vyeusi, vya jike vina pete hafifu. Lakini ukiniuliza nitazame sehemu moja tu, nitatazama kile kigamba kidogo cha pembetatu kilicho kati ya mizizi ya mabawa. Kwa Monochamus scutellatus ni cheupe. Kwa Anoplophora ni cheusi. Hakuna haja ya kubishana zaidi.

Mti nao unasema. Monochamus huishi kwenye misonobari na jamaa zake, hasa iliyokufa au kudhoofika. Anoplophora huingia miti hai ya majani mapana kama mipopla na mierebi. Tundu la kutokea la Anoplophora ni la duara safi, kama sentimita moja. Ukikuta tundu lililonyooka upande mmoja, mithili ya herufi D, hilo ni la familia ya Buprestidae na pembe-ndefu hahusiki.

Ndani ya Anoplophora wenyewe kuna ndugu wawili wa kutenganisha. A. chinensis ana vinundu vidogo kwenye mizizi ya mabawa, unavihisi hata kwa ukucha, A. glabripennis ni laini hapo, na jina lake linamaanisha hivyo hasa, mwenye mabawa yasiyo na manyoya. A. chinensis hutoboa chini ya shina na kwenye mizizi, ndugu yake hupendelea juu zaidi. Anayetafuta matundu kwenye matawi ya mti ulioshambuliwa na A. chinensis atasema mti ni mzima.

Simu, lenzi na kalenda

Simu naitumia, sioni aibu. Inafaa kwa kukufikisha kwenye familia, hasa ukiipa picha nzuri. Kuanzia hapo lenzi ya kukuza mara kumi ndiyo inayoamua, ikishirikiana na ufunguo wa utambuzi, yaani ule mlolongo wa maswali ya ndiyo au hapana unaokushukisha hadi kwenye jina. Mtu asiyetaka kununua chochote anaweza kuigeuza simu yenyewe kuwa lenzi, mradi apige picha zinazofaa. Picha ya mgongo peke yake ndiyo kila mtu hupiga, na ndiyo inayobeba uongo mwingi. Piga uso kwa ubavu, ili mkato wa jicho uonekane. Piga mguu wa mbele. Piga mizizi ya mabawa.

Hata hivyo umbo nalo lina mahali linapofika na kukoma. Megacyllene robiniae na Megacyllene caryae, wote wa Amerika Kaskazini, wamevaa sare moja ya nyigu, mistari ile ile ya njano, herufi W ile ile mgongoni, jicho lile lile, wayo ule ule. Nimewahi kuwapanga kwenye skrini moja, robo saa nzima, na nilichopata ni maumivu ya shingo. Lakini robiniae hutoka mwishoni mwa kiangazi hadi majani yanapopukutika, na utamkuta akila chavua juu ya maua ya njano ya Solidago. Buu wake hukulia ndani ya mti wa Robinia pseudoacacia. Caryae hutoka majira ya kuchipua, na mara nyingine hutokea ndani ya nyumba baridi ikielekea kuisha, akichomoza kwenye kuni za mti wa hikori zilizorundikwa karibu na moto. Kwa jozi hii, mtu akinitumia picha, simuulizi habari ya jicho wala ya wayo. Namuuliza alimpiga picha mwezi gani, na alikuwa amekaa juu ya nini.